Sipoti Ngumu Si Sipoti Imara: Ushauri kwa Mwenye Gari la Zamani

Mtu anayeingia duka la vipuri hapa Kikula, mjini Likasi, kutafuta sipoti ya motere, yaani ya injini, jambo la kwanza analofanya ni kuibana kwa kidole gumba. Ikibonyea, anairudisha juu ya meza. Ikikataa kubonyea, anauliza bei. Muuzaji anamjua mteja wake, kwa hiyo humwahi: "Yaya, chukua hii, ni ngumu kabisa. Kwa mashimo yetu haya, zile laini zitakufa mwezi huuhuu." Pesa zinatoka, sipoti inafungwa, na kabla wiki haijaisha gari linatetemeka kuanzia usukani hadi kiti cha nyuma kama kinu cha kusagia mahindi. Mwenye gari anajiambia kwamba gari la zamani ndivyo lilivyo. Sivyo. Amefungiwa kitu kisicho cha gari lake.

Nasema kinyume cha muuzaji huyo, na nasema kwa sababu naona jinsi watu wa mji huu wanavyopoteza pesa mara mbili kwa kipande kimoja. Sipoti nzuri ni ile yenye ulaini uliopimwa na waliotengeneza gari lako, yenye namba yake, ya upande wake, na ambayo haijazeekea dukani. Barabara mbaya haigeuzi ukweli huo. Inaufanya uwe wa lazima zaidi.

Tuanze na kazi yenyewe. Sipoti ni mpira ulioshikana na vyuma viwili: kimoja kinafungwa kwenye injini au giaboksi, kingine kwenye bodi ya gari. Sipoti zote kwa pamoja hubeba zaidi ya kilo 100 za chuma na mafuta. Ukibana pedali ya esansi, injini hutaka kujipindua kwa nguvu ileile inayozungusha magurudumu, na sipoti ndiyo inayoizuia. Na wakati huohuo inatakiwa imeze mtikisiko. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye ralanti, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Hiyo ni milipuko 1,400 kwa dakika, yaani 23 hivi kwa kila sekunde, na kila mlipuko ni kigongo kidogo kinachotafuta njia ya kuingia kwenye bodi. Mpira laini hukimeza. Mpira mgumu hukipitisha, na kikishapitishwa hakipotei: kinalegeza skrubu za dashibodi, kinapasua bomba la ekzosi, kinachosha nyaya na vishikizo vya rejeta.

Ndiyo maana katika magari mengi waliweka sipoti moja yenye maji ndani, mara nyingi ile ya upande wa mnyororo au mkanda wa injini. Ndani yake kuna vyumba viwili vyenye kimiminika na kinjia chembamba kati yake. Mtikisiko mdogo wa haraka humezwa bila upinzani mkubwa. Gari likidumbukia shimoni na injini ikitaka kuruka, kimiminika hulazimika kupita katika kinjia kile, na mruko unapungua nguvu. Ulaini na uimara vinakaa pamoja katika kopo moja, na hakuna kipande cha mpira mtupu, kigumu au laini, kinachoweza kufanya kazi hiyo sawasawa.

Kinachoua sipoti hapa Likasi ni zaidi ya mashimo. Mashimo yapo, nani atabisha? Njia za ndani za Kikula huchimbika kila mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, na barabara kuu ya kwenda Lubumbashi inabeba malori ya shaba na ya asidi mchana na usiku. Lakini adui mkubwa wa mpira ni mafuta. Mpira wa asili ukinyonya mafuta ya injini huvimba, hulainika kuliko inavyotakiwa, kisha hubanduka kwenye chuma. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja polepole, tone baada ya tone, mara nyingi njia ya tone hilo inaishia juu ya sipoti. Na kuna desturi moja ninayoomba tuiache: kuosha injini kwa mazutu au mafuta ya taa ili ing'ae. Chuma kinang'aa, mpira unaliwa. Osha kwa maji na sabuni, injini ikiwa imepoa, na nyaya zikiwa zimefunikwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ziba kwanza uvujaji. Sipoti mpya chini ya gasketi inayovuja ni pesa uliyoitupa, hata kama imetoka Japani ndani ya boksi lake.

Halafu hakikisha ugonjwa ni wa sipoti kweli. Injini inayoruka silinda moja kwa sababu ya plagi au koili mbovu hutikisa gari vilevile, na nimeona watu wakibadilisha sipoti zote huku koili iliyokufa ikiwa palepale. Namna ya kutofautisha si ngumu. Kwa gari la otomatiki, simama ukiwa umekanyaga breki, weka gia ya kwenda mbele, sikiliza. Kisha toa gia. Mtetemo ukiwa mkubwa ndani ya gia na ukapungua sana ukitoa, elekeza macho kwenye sipoti. Ukibaki uleule kwa hali zote, anza na plagi, koili na uchafu wa njia ya hewa. Dalili nyingine ni kishindo, ule mlio wa "gu!" unaosikika ukitoka gia ya nyuma kwenda ya mbele, au ukiachia klachi kupanda mlima.

Kisha fungua boneti. Mtu mmoja akae kwenye usukani, breki ya mkono ikiwa juu, mguu kwenye breki, mawe au mbao nyuma na mbele ya magurudumu. Asisimame mtu yeyote mbele ya gari wala nyuma yake. Mtazamaji akae ubavuni. Dereva aweke gia ya mbele, aongeze esansi kidogo sana, aachie, aweke ya nyuma, arudie. Injini yenye afya husogea kidogo tu na kurudi. Ikiinuka sentimeta tatu au zaidi na kuanguka kwa kishindo, una sipoti iliyokatika. Ipi? Hapo weka jeki chini, na juu ya jeki kipande kipana cha mbao, kwa sababu sampu ya mafuta ni nyepesi na jeki tupu hutoboa. Inua injini kidogo tu, usiinue gari. Mpira ukiachana na chuma na ukaona mwanga katikati, umempata mgonjwa. Sipoti ya maji ina dalili yake nyingine: mchirizi mweusi, mkavu au wenye unyevu, unaoteremka kutoka kwenye kopo. Ukishauona huo, usisubiri mpira ukatike. Kimiminika kimeshatoka.

Sasa tuje kwenye kununua, na hapa ndipo ningependa msomaji aende taratibu.

Magari mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa soko la Japani, yakashuka bandari ya Dar es Salaam, yakapita Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Hilo linaleta kosa la kwanza: mtu anaomba "sipoti ya upande wa dereva". Muuzaji aliyezoea magari ya Ulaya anampa ya kushoto. Usiseme upande wa dereva kamwe. Kulia na kushoto kwa gari hupimwa ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele, usukani uwe popote.

Kosa la pili ni kununua kwa jina. "Nipe ya IST." IST ipi? Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ilikuja na injini ya 1.3 ikiitwa NCP60, ya 1.5 ikiitwa NCP61, na ya magurudumu yote manne ikiitwa NCP65. Corolla Spacio ya kizazi cha pili ni NZE121 ikiwa na injini ya 1.5 na ZZE122 ikiwa na ya 1.8. Kwa macho ya barabarani IST zote ni gari moja, na Spacio zote vilevile. Chini ya boneti vishikizo vinaweza kutofautiana, na giaboksi ya otomatiki mara nyingi ina sipoti yake tofauti na ile ya mkono. Kwa hiyo nenda na namba ya chesisi. Imeandikwa kwenye kibati, ama ndani ya chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango. Gari la soko la Japani halina ile namba ya herufi na tarakimu 17 ya magari ya Ulaya. Lina herufi na namba za modeli, kistari, kisha tarakimu za mwisho. Programu ya simu ikikudai herufi na tarakimu 17, si kwamba gari lako ni bandia. Tafuta katalogi ya Japani.

Ukipata namba ya kipuri, isome. Toyota huandika namba zake katika makundi mawili yenye tarakimu au herufi tano kila moja. Kundi la kwanza linakwambia ni kitu gani: kwa magari madogo ambayo injini imelala kwa upana, 12305 ni sipoti ya kulia, 12361 ya mbele, 12371 ya nyuma, 12372 ya kushoto kwenye giaboksi. Kundi la pili ndilo linalotofautisha modeli. Mtu akikuuzia boksi linaloanza na 12371 kwa ajili ya upande wa kulia, hata kama tundu la bolti linaelekea kufanana, rudisha.

Kuna jambo ambalo katalogi haitakuambia. Magari mengi ya hapa yameshabadilishiwa injini. Injini imekuja nzima kutoka Japani au Dubai, ikaingizwa katika bodi ya mwingine, na fundi akachanganya mabano ya huku na ya kule hadi yakakubali. Kwa gari la namna hiyo namba ya chesisi haitoshi. Ing'oe sipoti ya zamani, uende nayo mkononi. Iweke juu ya meza ya muuzaji karibu na mpya: pima umbali wa matundu, urefu kwenda juu, unene wa bolti, na tazama uwazi uliomo ndani ya mpira umeelekea wapi. Uwazi ule si urembo. Upande wenye uwazi ndio upande injini inaporuhusiwa kucheza, na mshale uliochongwa juu yake, kama upo, lazima uelekee kama ulivyoelekea kwenye ile ya zamani.

Ya aina gani sasa? Ukiwa na uwezo, nunua ya kampuni iliyotengeneza gari, au ya kampuni inayozitengenezea kampuni za magari: Corteco na Lemförder kwa magari ya Ulaya ni majina ya kuaminika. Ni ghali, na najua bei ya sipoti moja ya namna hiyo inaweza kuzidi pesa ambayo dereva wa teksi anabaki nayo kwa siku nyingi. Lakini hesabu miaka, usihesabu siku ya kununua tu. Hata hivyo boksi zuri si ushahidi. Bandia nyingi zimevaa maboksi mazuri kuliko halisi. Ushahidi uko kwenye kitu chenyewe: mpira umeshikana na chuma bila mstari wa gundi inayoonekana, kingo zake hazina nyama zilizomwagika, maandishi yamechongwa ndani ya chuma au mpira badala ya kubandikwa, na ukishika mkononi uzito unakaribiana na wa ile ya zamani. Kwa sipoti ya maji hilo la uzito ni muhimu kupita yote. Kuna nakala za bei ndogo zenye umbo la kopo lilelile ambazo ndani hazina kimiminika chochote, ni mpira mtupu. Hizo ndizo "ngumu" ambazo kidole gumba huzisifu.

Tazama pia umri. Vipuri vingi vilivyomiminwa kwenye kalibu vina duara dogo lenye namba za miezi, mshale, na mwaka katikati. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kwenye rafu, na joto la duka la mabati huuzeesha haraka. Kunja kidogo ukingo wake chini ya mwanga. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, uache huko huko, hata uwe mpya kiasi gani kwa jina.

Za okazyo, zile zilizokwisha kutumika, je? Hapa sitamkatisha tamaa mtu. Sipoti iliyokuja na injini kutoka Japani, ambayo mpira wake hauna nyufa, haujavimba na haujavuja, inaweza kuwa bora kuliko nakala mpya ya hovyo. Lakini ichague mwenyewe, ukiwa na tochi, na usilipe bei ya karibu na mpya. Ile ya maji nunua ya okazyo pale tu ambapo huna njia nyingine, kwa sababu uchovu wa ndani hauonekani kwa nje.

Zile za polyurethane, zenye rangi nyekundu au njano, zilifikiriwa kwa ajili ya magari ya mashindano. Zinadumu, ndiyo. Zinazuia injini kucheza, ndiyo. Na zinamwaga mtikisiko wote ndani ya bodi ambayo tayari ina miaka 20 na imeanza kuliwa na kutu kwenye maungio. Kwa gari la familia au la teksi mimi sizishauri.

Na tairi lililokatwa? Mafundi wengi wameokoa gari njiani kwa kipande cha tairi, na nawaheshimu kwa hilo. Mtu aliyekwama baina ya Likasi na Kambove usiku hana duka. Lakini mpira wa sipoti kwa kawaida una ugumu wa kati ya 40 na 60 kwa kipimo cha Shore A, wakati uso wa tairi huwa 60 hadi 70, na ndani yake kuna nyuzi au waya wa chuma. Halafu mpira huo wa tairi haukushikana na chuma. Umebanwa tu na bolti, kwa hiyo injini ikivuta kuelekea juu hakuna kinachoizuia. Ufanye ukufikishe nyumbani, basi.

Mji wetu una kitu ambacho miji mingi haina: mikono. Karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines kule Panda zimelea wachongaji vyuma kizazi baada ya kizazi, na baadhi yao leo wanafanya kazi katika garaji ndogo za mitaani. Mkono wa namna hiyo utumie mahali pake. Bano lililopasuka, tundu lililopanuka, uzi wa bolti ulioliwa, bushi ya chuma isiyopatikana popote: hayo fundi mchongaji atakufanyia vizuri, na sipoti yako nzuri itapata mahali pa kukaa. Kuunganisha mpira na chuma ni kazi nyingine. Kunahitaji kemikali yake, kalibu, joto na shinikizo kwa wakati mmoja, na gundi ya madukani haifiki hapo.

Kama pesa haitoshi kwa zote, na mara nyingi haitoshi, badilisha kwanza iliyokatika, kisha ile inayozuia injini kujipindua, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya nyuma au ni fimbo fupi yenye bushi mbili. Hiyo ikiwa imekufa, inaua jirani zake. Lakini usichanganye: ukiweka moja ngumu ya nakala kati ya tatu laini za asili, ile ngumu itabeba mzigo wa wenzake, na utarudi dukani kwa ajili ya bano lililopasuka. Kwa Hiace, Hilux na Land Cruiser, ambazo injini imelala kwa urefu, mambo ni mepesi: kwa kawaida ni mbili ubavuni mwa injini na moja chini ya giaboksi. Hizo mbili za ubavuni zibadilishe pamoja, siku moja, za kampuni moja.

Mwenye teksi anayempa dereva gari kwa hesabu ya kila siku, nunua kipuri hicho wewe mwenyewe. Dereva akiachiwa jukumu hilo atanunua kile kinachomwezesha kufikisha hesabu ya jioni, na huwezi kumlaumu. Muafikiane pia na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikishindikana kuingia, bila kuwa imefungwa na kuchafuliwa, ataipokea tena. Andikiwa risiti yenye namba ya kipuri.

Siku ya kufunga, kaa karibu. Fundi aitegemeze injini kwa jeki na mbao, atoe moja, afunge moja, ndipo aende nyingine. Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Inayohitaji nyundo au rungu ni ishara kwamba kuna kitu hakijakaa, au sipoti si yenyewe. Asikaze hata moja hadi mwisho wakati injini bado imening'inia. Ashushe jeki ili uzito ukae, aitikise injini kwa mikono, kisha aiwashe kwa muda mfupi na kuizima ili ijipange, halafu ndipo akaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ukikaza mpira ukiwa umepinda, utaishi umepinda, na utakatika mapema. Asipake grisi wala mafuta ili "iingie vizuri". Maji ya sabuni yanatosha.

Ukilitoa gari garajini, panda nalo mlima, rudi nyuma, funga breki ghafla mahali patupu. Mtikisiko mdogo wa siku za kwanza ni wa kawaida, mpira unatafuta kikao chake. Baada ya wiki mbili rudi, bolti zipitiwe tena kwa spana, na kwa kalamu isiyofutika andika namba ya kila sipoti na mwezi uliofungwa ndani ya kitabu cha gari, ili yeyote atakayelinunua au kulitengeneza baadaye aanzie hapo.